Deni la jana: Majuto, toba na kusonga mbele Ngara na Biharamulo

*Kwa zaidi ya miaka themanini Wakristo wa wilaya hizi za kusini mwa Kagera wamekuwa wakibishana kuhusu namna mtu anavyotua mzigo wa makosa yake. Ubishi huo umepita katika uamsho, katika UKIMWI na katika kambi za wakimbizi, na bado haujaisha.*

Mtu aliyemwibia jirani yake mbuzi miaka kumi iliyopita, akaja kuokoka mwaka huu, na ambaye kila akipita mbele ya ua wa jirani huyo hushindwa kuinua uso, anabeba swali ambalo makanisa ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hayajawahi kulijibu kwa sauti moja: afanye nini ili jana yake iache kumtawala?

Mhubiri wa mkutano wa injili atamwambia kwamba siku alipompokea Yesu yote yalifutwa, kwa hiyo asigeuke nyuma, kwa kuwa kuyachokonoa ya zamani ni kumpa shetani nafasi. Padre atamsikiliza katika siri ya kitubio, atamwondolea dhambi kwa mamlaka ya Kanisa, kisha atampa malipizi, yaani tendo la kufidia kosa. Mzee wa ushirika wa uamsho, ambaye pengine hana cheo chochote kanisani, atamuuliza swali fupi kuliko yote hayo: huyo mbuzi yuko wapi?

Makala haya yanaegemea upande wa mzee huyo, ingawa si kwa kila jambo, na sababu za kufanya hivyo zimo katika historia ya wilaya zenyewe.

Majuto, kwa maana inayotumika hapa, ni uchungu wa mtu anayetazama tendo lake lililopita na kutamani lisingekuwapo. Toba ni hatua ya pili, ambapo mtu huyo anageuka, anakiri, na kuanza kuenenda njia nyingine. Majuto yanaweza kudumu maisha yote bila kuzaa toba, na wapo wanaozeeka nayo, wakiumia mwaka hadi mwaka kwa kosa lile lile bila kupiga hata hatua moja kumwelekea waliyemkosea.

Uamsho uliovuka mpaka

Swali la mzee huyo lina asili yake katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu ambalo wafuasi wake waliitwa Walokole, jina lililotokana na Kiganda lenye maana ya waliookoka. Kwa kawaida wanahistoria huanza na mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi wa Buganda alipokutana na Dk. Joe Church, daktari mmisionari kutoka Uingereza, katika mlima wa Namirembe jijini Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja.

Church alikuwa akitumikia hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Ni huko ambako, katika miaka ya mwanzo ya 1930, wauguzi, walimu na wafanyakazi wa hospitali walianza kuungamiana makosa yao waziwazi, Mwafrika kwa Mwafrika, na jambo lililoshangaza zaidi katika zama za ukoloni, mzungu kwa Mwafrika.

Mwaka 1939 timu ya uamsho ilifika Katoke, kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS kilichokuwa na chuo cha walimu katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera, na hapo vuguvugu likapata mlango wa kuingilia Tanganyika. Chuo cha walimu kilikuwa mahali pa pekee pa kupandia mbegu ya namna hiyo, kwa sababu mwalimu aliyehitimu alipelekwa kijijini, akawa ndiye msomaji wa Biblia, mwandishi wa barua za watu na kiongozi wa sala, hata kama shule yake ilikuwa ya nyasi. Murgwanza, wilayani Ngara, ambako leo kuna hospitali na makao ya Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana iliyoanzishwa mwaka 1985, ni sehemu ya nchi hiyo ambamo lugha ya uamsho ilikuja kuwa lugha ya kawaida ya waumini.

Mbuzi anaporudishwa

Ushirika, kama unavyoitwa mkutano wa Walokole, hauhitaji mimbari wala madhabahu. Watu hukusanyika sebuleni au chini ya mti, wakaitana ndugu bila kujali nani ni askofu na nani ni mchunga ng'ombe, na anayetaka kusema husimama, akasema “Bwana Yesu asifiwe”, akaitikiwa “Amina”, kisha akaeleza ushuhuda wake.

Sheria ya ushuhuda ni kulitaja kosa kwa jina lake. Anayesema kwamba amekosa katika mambo mengi huhesabiwa kuwa hajasema kitu, na wazee wenye uzoefu humrudisha aseme alichukua nini, kwa nani, na atafanya nini. Akimaliza, huimbwa Tukutendereza, wimbo ambao Afrika Mashariki nzima huuimba kwa Kiganda hata pale ambapo hakuna Mganda, na ndugu walio karibu humkumbatia.

Kuwa katika hali hiyo ya kutoficha kitu huitwa kutembea nuruni. Hata hivyo, kukumbatiwa hakukuwa mwisho, maana kesho yake mtu alitarajiwa kwenda kurudisha. Yaliyorudishwa katika miaka ile ya uamsho yalikuwa vitu vya maisha ya kila siku, kama vile fedha zilizoibwa, nguo, majembe na mifugo, na aliyerudisha alijua kwamba angeweza kupokewa kwa machozi, au kwa matusi, au hata kufikishwa mbele ya chifu.

Msingi wa kimaandiko wa desturi hiyo ni wa zamani. Kitabu cha Mambo ya Walawi, katika sura ya 6, kinamtaka aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano ya thamani yake, tena kabla ya kuleta sadaka ya hatia kwa kuhani. Na Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, aliahidi kurudisha mara nne.

> Kosa likitajwa na kupimwa, linaacha kuwa kivuli kisicho na mwisho na linakuwa deni lenye mwisho.

Nguvu ya desturi hii katika kumfungua mtu iko hapo. Majuto yanaishi kwa kutokuwa na kipimo, kwa kuwa mtu anayeficha kosa lake hulikuza kichwani hadi likafunika maisha yake yote, akajiona kuwa ni mwizi kwa asili na si mtu aliyeiba mbuzi. Kosa likitajwa na kupimwa, linaacha kuwa kivuli kisicho na mwisho na linakuwa deni lenye mwisho: mbuzi mmoja, pamoja na sehemu ya tano juu yake. Neema, kwa mafundisho ya Walokole, hainunuliwi kwa mbuzi huyo, maana msamaha umetangulia. Lakini aliyesamehewa anapata uwezo wa kutazama kitu ambacho zamani alikikimbia.

Kwa upande wa ardhi, ambayo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi vijijini leo, desturi hiyo ina msaidizi katika sheria ya nchi. Baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu kati yao ni wanawake, limepewa kazi ya kusuluhisha, na mtu aliyesogeza mpaka katika shamba la migomba anaweza kuurudisha mbele ya baraza hilo, ili watoto wa pande zote mbili wasije wakaurithi ugomvi ambao baba zao waliumaliza kwa mdomo tu.

Aibu ya mtu wa tatu

Upinzani dhidi ya uamsho ulianza mapema, na haukuwa wa watu waovu. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono nchini Uganda, wanafunzi 26 wa uamsho, wakiwa pamoja na William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kutii amri za uongozi zilizowazuia kukutana na kuhubiri alfajiri. Viongozi waliona kiburi cha watu wanaojiona safi kuliko Kanisa. Wanafunzi waliona Kanisa lililolala ambalo halitaki kuamshwa.

Hoja nzito zaidi ilihusu watu ambao hawakuwa na nafasi ya kusema. Mwanamume anaposimama kuungama uzinzi mbele ya watu hamsini, anamwungama pia mwanamke ambaye hayupo, mume wa mwanamke huyo, na watoto ambao kesho yake watasikia habari zao kisimani. Yeye anarudi nyumbani akiwa mwepesi, lakini mzigo wake umehamia kwa wengine. Katika jambo hili wakosoaji walikuwa na haki kabisa, na ushirika wenye busara hujifunza kwamba dhambi inayomgusa mtu mwingine iungamwe kwa mtu huyo au kwa wazee wachache, wala si hadharani.

Kanisa Katoliki, ambalo lina waumini wengi Ngara na Biharamulo, lilikuwa na njia yake tangu awali. Sakramenti ya kitubio ina matendo matatu ya mwenye kutubu, yaani majuto ya moyoni, maungamo kwa padre, na malipizi, na siri ya maungamo inalindwa na sheria ya Kanisa kwa ukali usio na mfano wake: padre haruhusiwi kuifichua kwa sababu yoyote.

Udhaifu wa njia ya siri ni kwamba jirani mwenye mbuzi anaweza asijue kamwe kwamba mwizi wake ametubu. Pengo hilo lilipata daraja, pengine bila kukusudiwa, katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976. Mmoja wa waliozitetea kwa bidii alikuwa Christopher Mwoleka, Askofu wa Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996, ambaye aliamini ujamaa kiasi cha kwenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji. Katika jumuiya, majirani wa nyumba chache husali pamoja kila juma, na ni vigumu kwa watu wawili wasiosalimiana kuendelea kuketi katika duara moja bila wenzao kuuliza kulikoni.

Petro na Yuda

Theolojia ya jambo hili inaweza kuelezwa kwa wanaume wawili waliokosa usiku mmoja. Petro alimkana Yesu mara tatu. Yuda alimsaliti kwa vipande thelathini vya fedha. Wote wawili walijuta kwa uchungu, na kwa kweli Yuda ndiye aliyefanya kile ambacho mzee wa ushirika angekiuliza: alikiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia, akarudisha fedha.

Tofauti ni kwamba Yuda alizirudisha kwa makuhani waliomwambia kwamba hilo halikuwahusu, akaondoka peke yake, akajinyonga, ilhali Petro alibaki katika kundi la wenzake hadi alipoulizwa, mara tatu, kama anampenda Bwana wake. Paulo, katika sura ya 7 ya waraka wa pili kwa Wakorintho, anazitenganisha huzuni mbili, ile ya kimungu iletayo toba na ile ya dunia iletayo mauti. Mtu hawezi kuitua huzuni akiwa peke yake, na kurudisha mali bila kurudi kwa watu hakutoshi.

Ugonjwa uliogeuzwa hukumu

Yapo majuto ambayo hayana mbuzi wa kurudishwa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera, na hadi mwaka 2004, ambapo serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, mkoa ulikuwa umezika kizazi na kuwaachia mabibi wajukuu wa kulea.

Mume aliyemwambukiza mkewe alikuwa na deni ambalo halikuweza kulipwa kwa kipimo chochote. Mke aliyebaki hai alijiuliza kwa nini yeye. Mtoto aliyekataa kumwosha baba yake kwa kuogopa kuambukizwa alikua akiikumbuka siku ile. Haya si majuto ya aina moja, kwa kuwa ya kwanza yana hatia, ya pili ni huzuni tu inayovaa mavazi ya hatia, na ya tatu ni kosa la mtoto aliyetishwa na wakubwa.

Wahubiri waliotangaza kwamba ugonjwa ule ni hukumu ya Mungu waliyachanganya yote katika kapu moja, na madhara yake yalikuwa makubwa, maana watu waliojificha hawakupima, na ambao hawakupima waliambukiza. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu alilikataa swali lenyewe kabla ya kumponya mtu huyo.

> Kumsaidia mtu kutua majuto kunaanza kwa kumsaidia kujua lipi ni kosa lake na lipi si lake.

Pale ambapo hatia ipo kweli, urudishaji ulichukua sura nyingine: kumwambia mwenzi ukweli, kwenda naye kupima, kunywa dawa bila kukosa, na kuwalea yatima wa ndugu. Kuwapeleka watoto hao shule hakuwarudishi wazazi wao, lakini ni toba yenye miguu.

Walipovuka Rusumo

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000, wakitoka katika nchi iliyokuwa katikati ya vita na mauaji ya kimbari, walipovuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kambi yao kuu ilipewa jina la Benaco, kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa imeweka kituo mahali hapo. Warundi walikuwa wamekwisha kuanza kuingia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, na kambi ya Lukole iliendelea kuwahifadhi Warundi kwa zaidi ya muongo mmoja.

Waliokimbia walikuwa wamechanganyika, wake kwa waume, watoto, wasio na hatia na wauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa Murambi nchini Rwanda, alikuwamo Benaco, na jaribio la kumwondoa mnamo Juni 1994 lilizusha ghasia kambini. Baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, na rufaa ya mwaka 2012 ikampa kifungo cha miaka 40.

Kwa Walokole, swali lilikuwa la kutisha. Nchi iliyozaa uamsho wa Gahini ndiyo iliyoshuhudia watu wakichinjwa ndani ya kanisa la Nyarubuye, si mbali na Rusumo. Watu walikuwa wamefundishwa kuungama mbuzi na pombe, lakini chuki ya kabila, ambayo ilikuwa dhambi kubwa kuliko hizo, ilikaa mioyoni bila kutajwa, kwa sababu ilikuwa ya kila mtu na kwa hiyo haikuonekana kuwa ya mtu yeyote. Huo ndio upungufu mkubwa wa uamsho, na kuukubali si kuusaliti.

Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilijaribu kutumia chombo kile kile kilichotumika kueneza chuki nchini Rwanda ili kueneza habari za kweli na za upatanisho. Mwezi Desemba 1996, baada ya serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kutangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kabla ya mwisho wa mwezi huo, karibu nusu milioni walirudi kwao.

Huko ndiko mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya wanakijiji, zilikosikiliza karibu kesi milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012, na aliyekiri mapema alipunguziwa adhabu. Wapo waliokiri kwa hesabu ya miaka ya kifungo, na manusura walilitambua hilo. Lakini maungamo yaliyowawezesha kujua mahali walipotupwa ndugu zao, hata kama aliyeungama alikuwa na tamaa ya nafuu, yaliwapa walau makaburi.

Kwa mizani hiyo, mahubiri ya kusahau yaliyopita, yanayosikika sana leo katika mikutano ya injili, hayana uzito wa kutosha kwa wilaya hizi. Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba anayasahau yaliyo nyuma, alikuwa akizungumzia sifa na mafanikio yake ya zamani kama Farisayo, na katika barua zake nyingine hakuacha kutaja kwamba alilitesa Kanisa. Methali ya yaliyopita si ndwele hutumiwa mara nyingi na mdaiwa, na ni nadra kusikika kwa mdai.

Ujira wa vibarua

Wenyeji nao wana deni lao, na ni nadra kutajwa mimbarini. Waliteseka kwa kweli, maana misitu ilikatwa kwa kuni, mazao yaliibwa na barabara zikawa za hatari. Lakini wakimbizi hao hao walifanya vibarua katika mashamba ya Ngara kwa ujira mdogo, mara nyingi kwa chakula, na aliyelimiwa shamba angeweza kumfukuza kibarua jioni bila kumpa kitu, akijua kwamba mkimbizi hana pa kushtaki. Waraka wa Yakobo, katika sura ya 5, unasema juu ya ujira uliozuiliwa na kilio cha wavunaji kinachomfikia Bwana.

Mwenye shamba wa namna hiyo, akitubu leo, amrudishie nani? Kibarua wake alirudi Rwanda au Burundi zamani, na pengine jina lake halikuwahi kuulizwa.

> Sheria ya Musa ilimfikiria hata mdai asiyepatikana.

Kitabu cha Hesabu, katika sura ya 5, kinaagiza kwamba kama aliyedhulumiwa hana jamaa wa karibu wa kupokea fidia, malipo hayo apewe Bwana kupitia kwa kuhani. Kwa maneno mengine, kutoweka kwa mdai hakufuti deni. Ng'ambo ya mpaka zipo dayosisi za Kianglikana na majimbo ya Kikatoliki ya Kibungo, Rwanda, na ya Muyinga, Burundi, yenye wajane, yatima na shule, na makanisa ya Ngara na Biharamulo yanaweza kuwasiliana nayo. Ujira wa siku ishirini za kulima, pamoja na sehemu ya tano juu yake, unaweza kuvuka Rusumo kwa mkono wa mchungaji au wa padre, na mwenye shamba akataja mbele ya jumuiya yake, bila kumwaibisha mtu mwingine yeyote, kwamba fedha hizo ni za nini.